Ratiba ikae wapi? Kila mashine, kituo chako mwenyewe au RMM kwa matengenezo ya kompyuta za wateja

Ukishakuwa na wateja watatu au wanne wa kuwatunzia kompyuta, kazi zinazojirudia huanza kula siku zako. Bekapu za kila usiku, masasisho ya Windows ya kila mwezi, kufuta logi (rekodi za matukio ya mashine) kabla diski haijajaa, kuhuisha vyeti vya tovuti, kuwasha upya seva, kuhakikisha hakuna aliyezima antivairasi. Moja moja ni kazi za dakika chache. Zijumlishe kwa ofisi kumi, na hakuna fundi atakayezifanya kwa mkono bila kusahau. Lazima zijiendeshe. Wengi hukwama kwenye swali linalofuata: ratiba yenyewe ikae wapi?

Njia zinazotumika sana ni tatu. Ya kwanza ni kupanga ndani ya kila mashine, kwa cron au systemd kwenye Linux na Task Scheduler kwenye Windows. Ya pili ni kuwa na kituo kimoja unachokimiliki, kwa mfano Ansible (chombo cha kutuma maagizo) pamoja na AWX au Semaphore (kurasa za kukiongoza na kukipangia ratiba), au Rundeck, kinachozifikia mashine zote na kuzipa amri. Ya tatu ni kulipia RMM, yaani mfumo wa kusimamia kompyuta kwa mbali, kama NinjaOne, Atera au N-able. Zote tatu hufanya kazi vizuri siku ambazo mambo ni shwari. Tofauti huonekana mambo yanapoharibika, na hapo ndipo nimeuelekeza ulinganisho huu.

## Vigezo

Kigezo cha kwanza, na kwangu ndicho kizito kuliko vyote: kazi isipofanyika, nani atajua, na baada ya muda gani? Bekapu iliyokufa kimyakimya ni hatari kuliko bekapu ambayo haikuwahi kuwekwa. Mteja anayejua hana bekapu hujihadhari, lakini anayekulipa kila mwezi akiamini ipo hana sababu ya kunakili chochote pembeni.

Cha pili ni hatima ya kazi iliyopitwa na wakati wake. Miongozo mingi imeandikwa kwa ajili ya ofisi ambazo kompyuta hulala zikiwa zimewashwa. Kwetu, anayefunga ofisi jioni huzima swichi ya ukutani, na mara nyingi ndivyo alivyoagizwa na bosi kwa ajili ya bili. Umeme nao hukatika bila kuaga. Ratiba ya saa nane usiku kwenye mashine kama hizo ni maandishi tu, isipokuwa mfumo unajua kuifidia kazi asubuhi mashine inapowashwa.

Cha tatu ni saa na kalenda. Dar es Salaam, Nairobi na Kampala ziko UTC+3, yaani saa tatu mbele ya saa ya kimataifa (UTC). Kigali, Bujumbura, Goma na Lubumbashi ziko UTC+2. Kinshasa iko UTC+1. Seva nyingi za wingu huja zimewekwa UTC, kwa hiyo kazi uliyoiandika 02:00 itaanza saa kumi na moja alfajiri ya Mombasa, wakati mapokezi ya hoteli yanafunga hesabu za wageni wanaowahi ndege. Kwenye makubaliano na mteja andikeni saa kwa mfumo wa saa 24. Anayesema "saa mbili usiku" anamaanisha 20:00, na duka likiwa bado linauza, seva haipaswi kuguswa. Kisha kuna tarehe zisizoguswa kabisa. Kwa ofisi ya uhasibu nchini Kenya, mwisho wa PAYE ni tarehe 9 na mwisho wa VAT ni tarehe 20. Usiku wa kuamkia siku hizo usiwashe upya chochote. Mwisho wa mwezi ni mishahara.

Cha nne ni funguo: nani ana uwezo wa kuingia kwenye mashine za wateja, na akivamiwa yeye, wangapi wataumia? Cha tano ni gharama, nikimaanisha pesa pamoja na muda wa fundi.

## Njia ya kwanza: ratiba ndani ya kila mashine

Nani atajua. Huu ndio udhaifu wake mkubwa. Cron hutuma matokeo kwa barua pepe, lakini seva nyingi hazina mfumo wa barua uliosanidiwa, kwa hiyo ujumbe hauendi kokote. Task Scheduler nayo huja na historia ya kazi ikiwa imezimwa. Usipoiwasha, utabaki na namba moja tu ya matokeo ya mwisho. Namba hiyo inahitaji kusomwa kwa uangalifu. 0x0 ni salama, ila ukitumia robocopy kunakili mafaili utaona 0x1 na kudhani kuna hitilafu, kumbe kwa robocopy 1 maana yake mafaili yamenakiliwa vizuri. Kushindwa kwake kunaanzia 8.

Dawa ipo, tena ni rahisi: kazi ikimaliza salama, iripoti mahali pa nje panapoingoja. Huduma kama Healthchecks.io hukupa anwani ya wavuti kwa kila kazi. Ripoti isipofika kwa muda uliopangwa, wewe ndiye unayetumiwa onyo. Unaweza pia kuiweka kwenye seva yako mwenyewe. Kwa kazi ya kila siku 02:00, mstari wa cron utakuwa hivi:

`0 2 * * * /opt/bekapu.sh && curl -fsS https://anwani-yako`

Zile alama mbili za && ndizo zenye kazi. Ukiweka nukta mkato badala yake, ripoti itatumwa hata skripti ikiwa imeshindwa, na utakuwa umejijengea uongo. Kwangu, ratiba ya ndani ya mashine isiyo na ripoti ya aina hii haistahili kuuzwa kwa mteja kama huduma.

Ikipitwa na wakati. Cron haifidii. Mashine ikiwa imezimwa saa ile, kazi imepotea hadi kesho. Anacron hufidia kazi za kila siku, wiki na mwezi, na systemd hufidia ukiiandikia `Persistent=true`. Kwenye Windows kuna kisanduku cha kuamuru kazi ianze mara tu inapowezekana ikiwa ilipitwa, lakini huja hakijatiwa tiki. Kisanduku kingine huja kimetiwa tiki: kazi ianze tu ikiwa kompyuta iko kwenye umeme wa ukutani. Laptopu ya mhasibu inayotumia betri mchana kutwa haitafanya kazi yako hata siku moja, na hakuna atakayelalamika mpaka siku faili linapohitajika. Fungua sehemu ya Conditions na ya Settings kwa kila kazi unayoiweka.

Saa na kalenda. Cron ina mtego unaowanasa hata wazoefu. Mtu anataka Jumapili ya kwanza ya mwezi, anaandika `0 2 1-7 * 0`. Cron ikiona umebana tarehe na pia siku ya wiki, huchukua lolote kati ya hayo mawili, kwa hiyo kazi itaendeshwa kila tarehe kuanzia 1 hadi 7 na pia kila Jumapili. Kama ni kuwasha upya seva ya zahanati, hilo si jambo dogo. Systemd inalielewa vizuri zaidi: `OnCalendar=Sun *-*-01..07 02:00:00`, na amri ya `systemd-analyze calendar` itakuonyesha tarehe inayofuata kabla hujaiamini.

Funguo. Hapa njia hii ina nguvu. Hakuna mahali pamoja panaposhika milango ya wateja wote. Mashine moja ikivamiwa, nyingine haziguswi kwa sababu ya ratiba. Angalia tu akaunti inayoendesha kazi kwenye Windows. Ukitumia akaunti ya mtu, siku atakapobadilisha nenosiri kazi itakwama.

Gharama. Programu ni bure. Muda ndio unaolipa: kubadili saa ya bekapu kwenye mashine arobaini ni kuzifungua zote arobaini.

Inamfaa fundi mwenye seva chache, hasa za Linux, na mteja anayetaka mambo yake yaendelee hata mkataba wenu ukiisha. Kazi ziko kwake, hazikutegemei.

## Njia ya pili: kituo kimoja unachokimiliki

Nani atajua. Hapa ndipo njia hii inapong'ara. Kila mzunguko huacha kumbukumbu: ulianza lini, ulifika mashine zipi, ipi imeshindwa na kwa ujumbe gani. AWX inaweza kukuarifu kwa barua pepe au Slack. Ukiweka maagizo yako ya Ansible kwenye Git, utajua pia nani alibadili nini na lini, jambo linalosaidia sana timu ya watu watatu au wanne. Asubuhi unafungua ukurasa mmoja na kuona usiku wa wateja wote.

Ikipitwa na wakati. Mashine iliyozimwa itaandikwa kuwa haifikiki, na mambo yataishia hapo isipokuwa umepanga mzunguko wa pili, tuseme saa saba mchana watu wakiwa kwenye chakula. Angalau unajua. Hatari nyingine ni kituo chenyewe: kikizimika, ratiba za wateja wote zimezimika pamoja nacho, na wa kukuambia ndiye huyo aliyezimika. Kituo kikae kwenye wingu au penye umeme wa uhakika, nacho kiwekewe ile ripoti ya nje niliyoieleza.

Saa na kalenda. AWX hukuruhusu kuchagua majira ya mahali kwa kila ratiba, hivyo mteja wa Kigali na wa Arusha hawagongani. Na kwa kuwa maagizo ni maandishi yako, unaweza kuanza kila kazi kwa hatua inayosoma orodha ya tarehe zilizofungwa za mteja huyo na kusitisha ikiwa leo imo. Kwa ofisi za uhasibu na SACCO hili pekee laweza kutosha kuamua.

Funguo. Lazima tuseme wazi: kituo hiki kinashika funguo za nyumba zote. Mpe kila mteja ufunguo wake wa SSH (njia salama ya kuingia kwenye mashine kwa mbali), usitumie mmoja kwa wote, na zuia kuingia kwenye kituo isipokuwa kupitia VPN, yaani njia ya faragha ndani ya intaneti. Kuna pia shida ya kuzifikia mashine. Ofisi nyingi ndogo zinatumia intaneti ya laini ya simu, nyuma ya anwani wanayochangia na wengine wengi, kwa hiyo kituo hakiwezi kuzibishia hodi kutoka nje. Suluhisho la kawaida ni VPN ya WireGuard: kifaa cha ofisini ndicho kinachopiga kwenda kwenye seva yako na kuushikilia mlango wazi, kwa mpangilio wa `PersistentKeepalive = 25`. Kwa Windows utahitaji pia kuandaa WinRM (njia ya Windows ya kupokea amri kwa mbali) au SSH kabla Ansible haijafanya lolote.

Gharama. Leseni hakuna, masomo yapo. AWX ya sasa imekusudiwa kuendeshwa kwenye Kubernetes, mfumo mkubwa wa kuendesha programu kwenye seva nyingi, na hilo ni zito kwa duka la watu wawili. Semaphore ni nyepesi zaidi.

Inamfaa mwenye seva nyingi zinazofanana, na angalau mtu mmoja ndani ya timu anayefurahia kuandika maagizo na kuyatunza. Huyo mtu akiondoka bila kumfundisha mwingine, kituo kinageuka mzigo.

## Njia ya tatu: RMM

Nani atajua. Programu ndogo, ajenti, huwekwa kwenye kila kompyuta, nayo huripoti yenyewe. Dashibodi inakuonyesha mashine zilizo hewani, zilizopotea wiki nzima, zilizokosa masasisho. Onyo linaweza kugeuka tiketi ya kazi moja kwa moja. Tatizo lake ni wingi. Mipangilio ya kuanzia hupiga kelele kwa kila jambo, na baada ya mwezi fundi hafungui tena barua za maonyo. Tenga siku nzima ya kuzima maonyo yasiyo na hatua ya kuchukua, kabla hujaongeza mteja wa pili.

Ikipitwa na wakati. Kwa kuwa ajenti ndiye anayepiga simu kwenda nje, laini ya simu si kikwazo, na mifumo mingi hukuruhusu kuamuru kazi iendeshwe kompyuta itakaporudi hewani. Kwa laptopu zinazozunguka na maafisa wa mauzo, hakuna njia iliyo karibu na hii kwa wepesi.

Saa na kalenda. Uliza kabla ya kulipa: saa ya ratiba ni ya kifaa au ya seva ya muuzaji? Kisha angalia inavyoshughulikia masasisho ya Windows. Microsoft hutoa masasisho yake Jumanne ya pili ya mwezi, saa nne asubuhi ya pwani ya magharibi ya Marekani, ambayo kwetu ni saa mbili au saa tatu usiku kulingana na msimu wao. Wengi hupanga Jumatano ya pili wakidhani ndiyo kesho yake. Mwezi ukianza Jumatano, hesabu inavunjika: Oktoba 2025 Jumatano ya pili ilikuwa tarehe 8, Jumanne ya pili tarehe 14. Ratiba ya namna hiyo ilitangulia masasisho kwa siku sita. RMM nzuri hukuruhusu kuhesabu siku kadhaa baada ya Jumanne ya pili. Ikikosa hilo, muulize muuzaji utafanyaje.

Funguo. Tarehe 2 Julai 2021, Ijumaa, wahalifu wa kundi la REvil walipitia udhaifu kwenye Kaseya VSA, ambao ni mfumo wa aina hii hii, na kusambaza programu ya kufunga mafaili kwa fidia. Kwa maelezo ya Kaseya wenyewe, wateja wao wa moja kwa moja walioguswa hawakufika 60, lakini biashara zilizokuwa chini ya hao zilikuwa nyingi zaidi, ingawa hazikufika 1,500. Nchini Sweden maduka ya Coop yalifunga milango kwa mamia kwa sababu mashine za malipo hazikufanya kazi. Nalieleza hili kwa urefu kwa sababu walioumia wengi hawakuwahi kuisikia Kaseya; walimjua fundi wao tu. Ukichagua RMM, uthibitisho wa hatua mbili kwa kila fundi ni lazima, akaunti ya aliyeacha kazi ifungwe siku hiyo hiyo, na bekapu za wateja zikae mahali ambapo RMM haina uwezo wa kuzifuta.

Gharama. Baadhi hutoza kwa kila kifaa, wengine kama Atera kwa kila fundi. Hesabu hizo mbili huleta majibu tofauti kabisa: mafundi wawili wenye kompyuta mia nne wataiona ya fundi kuwa nafuu, fundi mmoja mwenye kompyuta kumi na tano ataiona ghali. Bei ni za dola na mteja anakulipa kwa shilingi, kwa hiyo acha nafasi kwenye bei yako. Kuna pia Tactical RMM unayoweza kuiweka kwenye seva yako, ukikubali kuitunza mwenyewe.

Inamfaa mwenye kompyuta nyingi za Windows zilizotawanyika, na mteja anayetaka ripoti ya kila mwezi anayoweza kuionyesha kwa bodi au mkaguzi.

## Kwa hali yako

Kama una wateja wawili watatu na seva tano, baki na ratiba za ndani ya mashine. Weka ripoti ya nje kwa kila kazi na andika orodha yake mahali pamoja. Kununua mfumo mkubwa hapo ni kulipia usichokihitaji bado.

Kama mteja wako mkuu ni shule au chuo chenye maabara ya kompyuta zinazofanana, kituo cha Ansible kitakulipa haraka, hasa zikiwa Linux. Panga kazi mchana kati ya vipindi, kwa sababu usiku maabara huzimwa. Zikiwa ni za Windows, washa Delivery Optimization ili mashine zigawane masasisho zenyewe kwa zenyewe badala ya kila moja kuyashusha upya kwenye laini ile ile nyembamba.

Kama ni laptopu za maafisa wa nyanjani, au ofisi yenye matawi Mwanza, Bukoba na Kigoma yanayotumia intaneti ya simu, elekea RMM. Ukijaribu kuzifuata kwa njia nyingine utatumia muda mwingi kwenye VPN kuliko kwenye matengenezo.

Kama mteja ni zahanati, SACCO au mwingine anayeshika taarifa nyeti za watu, anza na kigezo cha funguo kabla ya vingine. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 na Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, na mteja ana haki ya kukuuliza nani anaweza kuingia kwenye mashine zake na kutoka nchi gani. Hapo ratiba ya ndani, au kituo kilicho mikononi mwako, ni rahisi zaidi kuitolea maelezo, ingawa RMM yenye mkataba unaoeleweka haijakatazwa.

Wengi huishia kuchanganya: RMM kwa kompyuta za wafanyakazi, systemd kwa bekapu za seva. Ni mpango mzuri mradi kila kazi ina mwenyewe mmoja. Bekapu ikiwa imepangwa kwenye cron na pia kwenye RMM, siku moja zitakutana katikati ya nakala ile ile; kwenye Linux amri ya `flock` itazuia ya pili kuanza kabla ya ya kwanza kuisha.

Na kama unahama kutoka njia moja kwenda nyingine, hamisha kazi moja ya mteja mmoja kwanza, isiyo bekapu. Usafishaji wa logi unatosha kuanzia. Acha ya zamani ikiwa imezimwa lakini haijafutwa, ngoja mwisho wa mwezi mmoja upite pamoja na Jumanne ya pili moja, angalia kumbukumbu, ndipo uhamishe bekapu. Siku ya kuihamisha bekapu, rudisha faili moja kutoka kwenye nakala mpya mteja akiwa anaangalia.